Andika ulichoamua, si ulichokosa: jibu kwa mwalimu wa fizikia wa Newala

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati katika sekondari ya kata wilayani Newala, mkoani Mtwara. Huu ni mwaka wangu wa nane kazini na nina umri wa miaka 32. Nimesoma kuhusu ufadhili wa Marekani uitwao Albert Einstein Distinguished Educator Fellowship, unaomtoa mwalimu wa sayansi darasani kwa karibu mwaka mzima akafanye kazi kwenye ofisi za serikali. Je, naweza kuomba? Kama siwezi, nafasi za namna hiyo sisi wa huku Kusini tunazipataje? Shule yetu haina maabara iliyokamilika, Kiingereza changu cha kuandika ni cha kawaida, na mkuu wangu wa shule anasema nafasi hizi ni za watu wa Dar. Niliwahi kuomba nafasi moja nikaeleza kwa kirefu mazingira magumu tunayofundishia, lakini sikuitwa hata kwenye usaili. Kitu pekee ninachojivunia ni somo langu la densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake, ninalofundisha kwa korosho, ila sidhani kama lina uzito wowote mbele ya kamati.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: huwezi. Ufadhili wa Einstein ni wa raia wa Marekani wanaofundisha huko. Ulianza mwaka 1990, na mwaka 1994 Bunge lao likautungia sheria. Unasimamiwa na Wizara yao ya Nishati. Anayechaguliwa hukaa miezi 11 katika ofisi ya mbunge au taasisi ya serikali kuu kama NASA. Haendi kusoma shahada. Anakwenda kuwaeleza wanaopanga mambo ya elimu jinsi sayansi inavyofundishwa kweli, na anajifunza jinsi maamuzi yanavyofikiwa kule juu. Ndiyo maana wanataka mtu aliyefundisha masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati kwa miaka isiyopungua mitano, na ambaye bado yuko kazini.

Hata hivyo nakusihi usiufunge ukurasa huo. Usome tena, hasa sehemu inayoeleza mtu wanayemtafuta, kwa sababu kamati za nafasi za namna hii, ziwe za Washington, Tokyo au Dodoma, zinauliza swali lilelile: huyu mwalimu anaona nini darasani kwake ambacho sisi hatukioni, na anaweza kutueleza tukaelewa? Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafunda walimu wa sayansi walioko kazini, na nimeketi pia upande wa wanaosoma na kuchuja maombi. Ninachokuambia hapa kinatoka kwenye meza hiyo.

Tuanze na ombi lako la kwanza, kwa kuwa nadhani umelielewa vibaya lilivyoanguka. Hukuachwa kwa sababu unatoka Newala. Msomaji wa kamati ana rundo mbele yake, na maombi mengi kutoka shule za kata yanaanza kwa namna moja: maabara hatuna, vitabu havitoshi, wanafunzi wanatembea mbali, walimu wa sayansi ni wachache. Yote ni kweli na yanauma. Lakini akifika mwisho wa ukurasa, msomaji anajua shule yako inakosa nini na bado hajui wewe ni nani. Akikuondoa jina na kuweka la mwalimu wa Liwale au wa Kibondo, barua inabaki ileile. Hawezi kukupigania kwenye kikao kwa sababu hukumpa cha kushika.

Uhaba utaje kwa sentensi moja, kisha eleza uliamua nini kwa sababu ya uhaba huo. Uamuzi ndio unaokutofautisha na mwingine. Mwalimu wa shule yenye kila kitu naye ana maamuzi, na mwalimu asiye na kitu anayo mengi zaidi, ila huwa hayahesabu kuwa ni maamuzi. Anaona ni kubangaiza tu. Hapo ndipo tunapopoteza watu wazuri wa Kusini.

Sasa hilo somo lako la korosho. Linao uzito, tena mkubwa, na nitalikalia hapa kwa muda kwa sababu ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Hukunieleza unavyolifundisha, kwa hiyo nitaunda mfano, wewe utaweka yaliyotokea kwako. Tazama kwanza aya ya kwanza ya aina ninayoisoma mara nyingi: "Mimi ni mwalimu mwenye ari kubwa ya kufundisha sayansi kwa vitendo. Licha ya uhaba mkubwa wa vifaa, nimekuwa nikitumia malighafi zinazopatikana katika mazingira yetu ili kuwajengea wanafunzi uelewa na kuinua kiwango cha ufaulu." Hakuna kosa la lugha hapo. Hakuna darasa pia. Sioni mtoto hata mmoja, sioni korosho, sioni ulichofanya Jumanne ile.

Soma na hii: "Wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza wanajua kwamba mbegu ya korosho huchaguliwa kwa kutumbukizwa majini: inayozama hupandwa, inayoelea huachwa. Nilipowauliza kwa nini nyingine huelea, karibu wote walisema ni kwa sababu ni nyepesi. Nikawapa korosho mbili, kubwa iliyoelea na ndogo iliyozama, wazipime kwenye mzani. Iliyoelea ilikuwa nzito kuliko iliyozama. Nilikuwa nimepanga kuandika kanuni ubaoni kabla kengele haijalia, lakini ubishi ulikuwa umepamba moto, nikaamua kuuacha uendelee na kanuni ingoje kipindi kinachofuata. Siku hiyo ya pili tulipima ujazo. Silinda yetu haisomi vizuri ujazo wa korosho moja, kwa hiyo tulitumbukiza 20 kwa pamoja na kugawanya. Zinazoelea tulizikandamiza kwa waya mwembamba mpaka zikaingia zote majini."

Hesabu maamuzi yaliyomo. Umeanzia kwenye jambo wanalolijua nyumbani. Umechagua korosho mbili makusudi ili ziwapinge wanafunzi mawazo yao. Umeacha ubishi uendelee badala ya kuwahi kanuni. Umejua mipaka ya kifaa chako na ukapata njia ya kuizunguka. Umekumbuka kwamba kitu kinachoelea hakitoi ujazo wake wote mpaka kizamishwe. Msomaji wa kamati anayejua fizikia atatabasamu hapo kwenye waya, maana ni jambo ambalo mtu hawezi kuliandika kama hajalifanya. Wala hukulazimika kumwambia kwamba una ari.

Ongeza pia sentensi kuhusu usalama, kwamba korosho zilibaki na maganda yake bila kupasuliwa, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi. Ni jambo ambalo kila mtoto wa Newala analijua, lakini kwa mgeni linaonyesha mwalimu anayefikiri kabla ya kuingia darasani.

Na kama unataka somo lenyewe likue kabla hujaliandikia, nina pendekezo. Chukua korosho iliyozama kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo huku mkikoroga, mpaka korosho isizame wala isipande juu. Hapo densiti ya maji ya chumvi ni sawa na ya korosho. Pimeni mililita 100 za maji hayo kwenye mzani, mtakuwa mmepata densiti ya korosho moja bila kupima ujazo wake kabisa. Pwani ya Mtwara na Lindi kuna mashamba ya chumvi, kwa hiyo chumvi si ya kuhangaikia. Waulize wanafunzi ni njia ipi inaaminika zaidi, ile ya korosho 20 au hii, na kwa nini. Swali hilo la pili ndilo sayansi yenyewe, na majibu yao yatakupa aya nyingine nzuri kuliko yoyote unayoweza kuibuni ukiwa umekaa mezani.

Nitoke kidogo nje ya korosho. Walimu wengine wakisikia haya hukimbilia kutaja kitu cha kwao kana kwamba jina lake peke yake linatosha. Mwalimu wa kemia wa Kilwa ana gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974. Wa Mtwara Vijijini ana ya Mnazi Bay, ya mwaka 1982. Wa biolojia au jiografia Lindi ana Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 yalifukuliwa mabaki ya dinosaria mrefu ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin hadi leo. Mwalimu wa kemia popote kwenye mikorosho ana salfa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wewe mwenyewe kwa upande wa hisabati una mnada wa stakabadhi ghalani: bei ya kilo, makato, na kinachomfikia mkulima mkononi. Yote haya ni mali. Lakini kutaja gesi hakumfanyi mtu awe mwalimu mzuri wa kemia. Kamati inataka kuona swali la mwanafunzi lililozaliwa hapo na ulilifanyia nini.

Sasa tuje kwenye ushahidi, ambao ndipo maombi mengi mazuri hufia. Umefundisha, vizuri. Umejuaje kwamba walielewa?

Walimu wengi huandika kwamba ufaulu wa fizikia ulipanda kutoka kiwango fulani mwaka juzi hadi kingine mwaka jana. Matokeo ya NECTA yataje, kwa kuwa yapo na yanaonekana kwa kila mtu, ila usiyafanye nguzo. Kidato cha Nne cha mwaka jana si watoto walewale wa mwaka juzi. Huenda walikuwa na msingi bora, huenda mlipata mwalimu wa kujitolea, huenda waliofanya mtihani wa fizikia walikuwa wachache waliojichuja wenyewe. Msomaji makini anayajua hayo, na ukiyanyamazia anakushuku.

Fanya kitu kidogo zaidi lakini kilicho chako. Kabla ya somo, mpe kila mwanafunzi karatasi yenye swali moja: korosho kubwa inaelea na ndogo inazama, eleza kwa nini. Baada ya somo uliza swali hilohilo. Baada ya wiki kadhaa, uliza jingine la namna hiyo lakini lenye sura tofauti, kwa mfano kwa nini meli ya chuma inayopakia korosho bandarini Mtwara haizami ilhali msumari wa chuma unazama. Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwani linaonyesha kama wamebeba wazo au wamekariri korosho. Karatasi zote zihifadhi, za waliopata na za waliokosa. Kwenye ombi andika namba zilivyo: wangapi walijibu kwa uzito peke yake mwanzoni, wangapi walibadilika, wangapi hawakubadilika hata mwishoni, na unadhani hao walikwama wapi. Mwalimu anayethubutu kuandika kuhusu waliokwama anaaminika kwa mengine yote aliyoyaandika. Nimeona hilo likigeuza kikao kizima.

Kuhusu picha: usiambatishe sura wala majina ya watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtoto wa watu si kielelezo cha mafanikio yako. Picha ya mikono, ndoo na karatasi ya majibu isiyo na jina inatosha.

Baada ya darasa, kamati itataka kujua kama jambo lako limevuka mlango. Hapa huhitaji makubwa. Vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vipo: siku moja liweke somo la korosho mbele ya wenzako, waombe wakueleze lilivyo na kasoro, na andika walichosema na ulichobadilisha. Mwalimu wa shule jirani akilijaribu, mwombe akuandikie mistari michache. Andikeni barua kwa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho kilichoko hapo karibu na Mtwara mjini, muulize mtafiti kwa nini mbegu inayoelea haifai kupandwa. Jibu lake lirudishe darasani. Wanafunzi wenye hamu waongoze kwenye mradi wa maonyesho ya Young Scientists Tanzania. Chagua moja au mawili tu. Mtu anayeorodhesha mambo kumi huonekana hakuna alilolimaliza.

Kuna swali moja ambalo nafasi za aina ya Einstein huliuliza kwa namna mbalimbali, na walimu wetu huliogopa: ungebadilisha nini katika ufundishaji wa sayansi nchini? Wengi hujibu kwa hotuba. Jibu kwa kitu kimoja unachokijua kwa mikono yako. Kwa mfano, mimi ningeweza kukubaliana na mwalimu atakayesema kwamba kabla ya kusubiri jengo la maabara, kila sekondari ya kata ipewe mizani midogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kwa sababu masomo mengi ya vitendo ya Kidato cha Kwanza na cha Pili hukwamia kwenye kupima, si kwenye kukosa paa na meza. Kamati inaweza kumpinga, lakini itataka kumsikiliza. Tafuta la kwako, lenye ukubwa huo.

Umesema Kiingereza chako ni cha kawaida. Cha kawaida ndicho kinachotakiwa. Msimulie somo lako, kwa Kiswahili na kwa mdomo, mwenzako asiyefundisha sayansi, mwalimu wa historia hivi. Pale atakapokukatiza kuuliza, hapo ndipo palipo na pengo. Kisha andika Kiingereza chake kwa sentensi fupi, mtendaji na tendo. Mwalimu wa Kiingereza akusahihishie sarufi, ila usimruhusu akubadilishie maneno yawe makubwa. Na usiiombe programu ya akili bandia ikuandikie insha. Baadhi ya nafasi zinakataza waziwazi, na hata zisipokataza, tunapokea siku hizi insha nyingi zinazofanana kama sare za shule. Yako yenye waya na ndoo ndiyo itakayokumbukwa.

Mkuu wako wa shule umsogeze, usimkwepe. Barua yake ni ya lazima karibu kila mahali, na anaposema nafasi ni za watu wa Dar hasemi uongo mtupu. Mwalimu wa Dar husikia tangazo mapema na pengine ana jirani aliyewahi kuomba. Ni faida ya kweli, lakini haimo kwenye karatasi za alama za kamati. Mpelekee mkuu wako ukurasa mmoja wenye mambo anayoweza kuyathibitisha: tarehe aliyokuja kukagua somo lako, kikao ulichokiendesha, wanafunzi uliowaongoza. Mwombe aandike mwenyewe aliyoyaona. Barua inayosema "ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu" imeandikwa kwa walimu wote wa nchi hii. Inayosema "nilikuta darasa likibishana kuhusu korosho na mwalimu amenyamaza kwa makusudi" ni ya kwako. Ukimwomba wiki moja kabla ya mwisho wa muda, utapata ile ya kwanza.

Nafasi zenyewe sasa. Kwa umri wako ningeanza na Japani, maana hapo muda hauko upande wako. Wizara yao ya elimu, inayojulikana kwa jina la MEXT, ina mafunzo maalumu kwa walimu walioko kazini. Hutangazwa kupitia ubalozi, huhitaji uwe umehitimu chuo na umefanya kazi ya ualimu kwa miaka isiyopungua mitano, na uwe chini ya miaka 35. Huchukua kama mwaka mmoja na nusu, sehemu ya mwanzo ikiwa ni ya kujifunza lugha yao. Hayatoi shahada, unapata cheti, na hilo ulijue mapema ili usije ukakata tamaa ukiwa huko. Ila kwa mwalimu kama wewe naona ni mahali pake hasa. Wajapani wana desturi ya walimu kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha wenzake wakiwatazama wanafunzi, kisha wakakaa kulisahihisha na kulifundisha upya. Huiita jugyo kenkyu. Ukiandika kwamba unataka kuisomea desturi hiyo ili uimarishe vikao vya MEWAKA wilayani kwako, na ukaonyesha kwamba somo lako la korosho tayari umelipitisha kwa wenzako na ukalibadilisha, umeshajibu swali la kwa nini Japani na kwa nini wewe.

Ukitaka shahada ya uzamili bila kuacha kituo chako cha kazi, angalia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya mbali, unaotolewa na Uingereza. Huko wanatazama sana daraja la shahada yako ya kwanza, kwa hiyo soma sharti hilo kabla hujaanza kuhangaika na insha.

Usimlipe mtu yeyote pesa kwa ajili ya fomu au "kusukuma faili". Fomu halali unazipata mwenyewe kwenye tovuti ya ubalozi au ya mfadhili.

Upande wa mwajiri, fuata ngazi tangu mwanzo. Barua yako ipitie kwa mkuu wa shule, afisa elimu sekondari, hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kibali cha kwenda nje kinapanda zaidi ya hapo. Mtumishi wa umma hasafiri kimasomo kwa kuaga tu, na nafasi iliyopatikana bila mwajiri kujua inaweza kukufia mkononi kwenye hatua ya mwisho. Anza kutaarifu unapoomba, usisubiri kuitwa. Kila barua chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Leo jioni weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha Kidato cha Nne, cha chuo, barua ya kuthibitishwa kazini na kitambulisho cha NIDA, usome jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Huku kwetu jina la mtoto shuleni huandikwa na aliyekuwepo siku hiyo, na miaka mingi baadaye Hadija na Khadija wanakuwa watu wawili mbele ya mfadhili. Tofauti hiyo hurekebishwa kwa kiapo kwa wakili na taratibu nyinginezo, na inachukua muda. Ukiwa na pasi ya kusafiria tayari, ofisi za Uhamiaji zipo Mtwara na Lindi mjini, utakuwa umewatangulia wengi.

Fomu nyingi sasa zinajazwa mtandaoni. Andika insha kwanza kwenye faili lako, hesabu maneno, ndipo unakili kwenye fomu. Mtandao ukikatika hujapoteza kitu. Muda wa mwisho ukiandikwa kwa saa za Washington, wako nyuma yetu saa saba au nane kutegemea majira. Tokyo wako mbele yetu saa sita. Usicheze na siku ya mwisho, tuma siku tatu kabla.

Ukiitwa kwenye usaili wa mtandaoni, geuza saa kwa makini: mwaliko ukisema 15:00 kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa tisa alasiri, na ukisema 9:00 ni saa tatu asubuhi. Watu wameikosa nafasi kwa jambo hili. Tafuta mahali penye mtandao imara, hata kama ni kushuka hadi Masasi au Mtwara mjini siku moja kabla. Watakuuliza kuhusu somo ulilolieleza, na watakuuliza ungefanya nini tofauti ukilirudia. Kuwa na korosho mbili mezani, kubwa inayoelea na ndogo inayozama, pamoja na glasi ya maji. Wakisema tueleze, waonyeshe.

Msimu wa korosho ukianza kuanzia Oktoba, hutakosa mbegu za kupimia. Kusanya karatasi za wanafunzi wa mwaka huu, andika aya ya kwanza ukiwa bado unakumbuka nani alibisha nini, kisha nitumie hiyo aya moja tu. Nitaisoma na kukurudishia.